Sumaku Inaona Waya, Haioni Mwili



Mara kwa mara mmoja wetu anaposti habari ya namna hii: wanasayansi wa Ulaya ao wa Marekani wametengeneza kidude kinachoingia mu mwili wa mgonjwa, na kwa nguvu ya sumaku tu wanajua kiko wapi, bila kupasua, bila kupiga radio, kwa usahihi wa milimetre. Chini yake tunajaza pongezi. Na mimi niko mu wale wanaojaza. Zaidi ya pale, nilifanya memwari nzima juu ya jambo hili.

Leo nataka kukosoa. Sikosoi sumaku yenyewe, sumaku haina kosa. Nakosoa ginsi makala hizi zinavyopenda kujisifu, na ginsi sisi tunavyozisoma. Neno langu ni hili: mashini hizi zinajua waya uko wapi mu nafasi, hazijui waya uko wapi mu mwili. Ni mambo mawili tofauti, na kwa kuyachanganya kuko watu wamekufa.

Nianze na sababu yangu. Miaka kadhaa nyuma baba mkubwa alipata kiharusi, akashindwa kumeza. Infirmiye alimwekea sonda ya pua, ule mpira mwembamba unaopita puani, unashuka mu koo mpaka tumboni, juu mgonjwa apewe uji. Akasukuma hewa na seringi, akaweka stetoskopi juu ya tumbo, akasikia mlio, akasema: «Iko muzuri.» Dakika chache baba mkubwa akaanza kukohoa, midomo ikabadilika rangi. Sonda ilikuwa imeshuka mu njia ya pumzi. Bahati, uji ulikuwa bado mu kikombe. Wakaivuta haraka.

Sikumchukia yule infirmiye hata siku moja. Alikuwa peke yake usiku na chumba kizima cha wagonjwa, na alifanya ginsi alivyofundishwa. Lakini nilitoka pale na swali: mtu anasukuma kitu mu mwili wa mwenzake, gizani, atajuaje kimefika wapi? Swali lile njo lilinipeleka kwa sumaku.

Sasa sifa kwanza, juu kukosoa bila kusifu ni wivu tu.

Mwili wetu sehemu kubwa ni maji, na kwa nguvu ya sumaku isiyobadilika mbio sana, maji ni sawa na hewa. Mwanga unakwama kwenye ngozi. Ekografi inasumbuliwa na hewa na mfupa. Radio inapita, lakini inaacha mionzi, huwezi kumwacha mgonjwa chini yake saa nzima. Sumaku inapita tu. Jaribuni wenyewe: fungueni programu ya dira mu simu, leteni sumaku ndogo ya spika iliyokufa, sindano itageuka. Sasa mwekeni mkono katikati ya sumaku na simu. Sindano inabaki palepale. Nyama, damu na mfupa wa mkono wenu ni kama haviko.

Wazo la kufuata kitu kwa bobini si la jana. Mu mwaka 1979 Frederick Raab na wenzake walichapisha makala ambayo mpaka leo watu wa fani hii wanairudia. Bobini tatu zilizoelekea pande tatu zinatuma, bobini zingine tatu zinapokea. Unapata vipimo tisa, na kutoka humo unahesabu namba sita: tatu za mahali, tatu za mwelekeo. Mashini za namna hiyo zilikuwa za ndege za kijeshi, juu ya kujua rubani ameelekeza kofia yake wapi. Rubani hakuwa mgonjwa, na hakuna mtu alimwuliza sumaku kama kofia iko mu ini ao mu figo.

Kisha wazo likaingia hospitali. Mu 1993, mu jarida The Lancet, Bladen na wenzake wa Uingereza walionyesha ginsi ya kuchora umbo la endoskopi ndani ya utumbo mkubwa bila radio. Wale wanaojua kolonoskopi wanajua tabu yake: ule mpira mrefu unajikunja ndani, unafanya mzunguko kama kamba, daktari anasukuma na mgonjwa anaumia, lakini kichwa cha mpira hakisogei mbele. Waliweka bobini ndani ya mpira, na ekra ikachora umbo lake. Daktari akaona: kumbe nimefanya kitanzi hapa, nirudi nyuma kidogo nikinyooshe.

Angalieni vizuri swali ambalo mashini ile inajibu: «Mpira wangu umejikunja ginsi gani?» Ni swali juu ya chombo chenyewe. Bobini ziko mu chombo, jibu linatoka mu chombo. Hata kama kuko kosa la milimetre chache, kitanzi ni kitanzi. Kwa hiyo naisifu bila kusitasita.

Mu 1997 Gepstein, Hayam na Ben-Haim wakachapisha mu jarida Circulation njia ya kuchora ramani ya moyo. Kateteri yenye kapteri ya sumaku kwenye ncha inaingia mu moyo, inagusa ukuta hapa, inagusa pale. Kila mguso unaandika mahali, na pia unaandika umeme wa moyo pahali pale. Kutoka nukta nyingi unapata umbo la chumba cha moyo pamoja na njia ya umeme wake. Na pale naisifu tena, kwa sababu moja ambayo naomba muikumbuke mpaka mwisho: sumaku haikuachwa peke yake. Sumaku inasema «niko hapa», na umeme wa moyo unasema «ndiyo, kweli uko kwenye nyama ya moyo, na nyama hii inapiga hivi». Kuko mashahidi wawili.

Sasa turudi kwa sonda ya pua, juu njo iliyonileta.

Kuko mashini inayoitwa Cortrak. Ndani ya sonda unaingiza waya wenye kidude kinachotuma nguvu ya sumaku kwenye ncha. Juu ya mgonjwa, pale mfupa wa kifua unapoishia, unaweka kipokezi. Unaposukuma, ekra inachora mstari wa njia ambayo ncha imepita. Siku nilipoisoma mara ya kwanza nililia kidogo, sifichi. Niliona usiku ule wa baba mkubwa, na yule infirmiye akiangalia mstari mu ekra pahali pa kusikiliza mlio wa hewa.

Nikaanza memwari: kutengeneza ndugu mdogo wa mashini ile, kwa bei ya chini, na bobini za kuzungusha kwa mkono. Nilifanya kazi kweli. Nilipima juu ya meza, nikapata namba nzuri. Kisha nikaenda hospitali kumwonyesha mama mmoja infirmiye, mkubwa wa kazi, anisaidie kwa sehemu ya matumizi. Nilitandika plan yangu: bobini hapa, mgonjwa hapa, komputa hapa. Aliiangalia kwa muda, akauliza:

«Papa, mu hii plan yako, kitanda iko wapi?»

«Mama, kitanda sikukichora, si ya muhimu.»

«Sasa mgonjwa atalala mu hewa?»

Wenzake wakacheka, nami nikacheka. Akaendelea, bila kucheka tena: «Vitanda vyetu ni vya chuma. Na pembeni utakuta dada yake mgonjwa anakaa na sufuria ya chakula, funguo mu mufuko, simu mu mukono. Mashini yako inajua bile bintu?»

Nikarudi nyumbani na lile swali. Kesho yake nilibeba vifaa mpaka kwenye kitanda cha chuma. Kapteri niliifunga na skochi juu ya kipande cha mbao, haikuweza kusogea hata kidogo. Nikasukuma mbao karibu na chuma, bobini nikazisukuma pamoja nayo, umbali kati yake ni uleule. Alama mu ekra ikahama. Kapteri ilikuwa imelala palepale juu ya mbao, na ekra inachora kwamba imetembea. Na iliichora na mstari safi, rangi nzuri, bila kutetemeka, sawa na ilivyochora ukweli juu ya meza ya mbao.

Sababu inajulikana na kila mtu wa fizike. Chuma kinavuta nguvu ya sumaku na kupindisha njia yake. Hata metali isiyovutwa na sumaku, kama aluminiyo, nguvu ya bobini ikibadilika inazaa umeme mdogo ndani ya metali, na umeme ule unazaa sumaku yake, unaichanganya ile ya kwanza. Ongezeni jambo la pili: nguvu ya bobini ndogo inashuka kwa kasi ya kutisha. Ukiongeza umbali mara mbili, inabaki sehemu moja ya nane. Mara tatu, moja ya ishirini na saba. Mara nne, moja ya sitini na nne. Kwa hiyo mgonjwa mnene, ao kifua kipana, si shida ndogo: ishara inakuwa nyembamba, na uongo wa chuma unakuwa mkubwa kwa kuilinganisha nayo.

Sasa nakuja kwa dhambi yangu. Nilimpelekea promoteri wangu matokeo ya kitanda cha chuma. Akaniambia, kwa upole: «Ukiweka hii mu rezime, jury watakuuliza maswali mpaka jioni. Iweke mu anekse.» Nikaiweka mu anekse, ukurasa wa mwisho, pahali hakuna mtu anafika. Mu rezime niliandika usahihi wa meza ya mbao. Nilipata distinction. Watu walipiga makofi, mama akalia, tukakula.

Nimewaeleza hii, juu mkisikia nakosoa makala za wakubwa, mjue nakosoa ugonjwa ambao mimi mwenyewe ninao.

Kwani makala nyingi za fani hii ziko sawa na memwari yangu. Mu rezime kuko namba ya usahihi. Ukitafuta namba ile ilipimwa wapi, utakuta: mu maabara, juu ya meza isiyo na metali, kapteri imeshikwa na fremu ya plastiki, hakuna mtu anayepumua. Namba si ya uongo. Ni ya kweli kwa meza ile. Lakini sisi tunaisoma kama namba ya mwili. Na aliyeiandika anajua tutaisoma vile.

Mutaniambia: wewe ni mtu wa bobini za mkono, usijilinganishe na kampuni zenye wahandisi. Sawa. Tuende kwa kampuni.

Mu 2022 Avanos Medical, wenye Cortrak 2, walituma onyo kwa hospitali. FDA, shirika la Marekani linalosimamia dawa na vyombo vya matibabu, ikaliweka mu daraja la kwanza, lile la hatari ya juu kabisa. Tangu 2015 kampuni ilikuwa imepokea ripoti za watu 60 walioumia na 23 waliokufa, sonda zikiwa zimewekwa pahali pabaya wakati mashini ile inatumika. Na hii ilikuwa mu hospitali zenye umeme saa 24, zenye radio chumba cha pili, zenye infirmiye waliosomeshwa kwa mashini ile.

Tuwe wa haki. Hesabu ile peke yake haisemi kwamba mashini ni mbaya kuliko mkono mtupu. Sonda zinawekwa kila siku kwa wingi, na mkono mtupu nao unaua. Ninachotaka muone ni kilichorekebishwa. Hawakusema sumaku imekufa. Walibadilisha maelekezo: kabla ya kutumia sonda, thibitisha mahali pake kwa utaratibu wa hospitali yako. Yaani ekra peke yake haitoshi. Tafuta shahidi wa pili.

Kwa nini ekra haitoshi? Fungueni kitabu cha anatomia. Njia ya chakula iko nyuma kabisa ya njia ya pumzi, kama majirani wanaogawana ukuta mmoja. Ukiziangalia kwa mbele, kutoka koo mpaka katikati ya kifua, moja inafunika ingine. Mstari unaoshuka mu njia ya chakula na mstari unaoshuka mu njia ya pumzi, kwa sehemu ile, kwa mbele, karibu ni mstari uleule. Tofauti iko mu kina, na kisha chini, pale njia ya pumzi inapogawanyika na mstari unaelekea pembeni mapema. Mtu mwenye mazoea anaitambua. Mtu aliyeona mstari huu mara tatu, usiku, na wagonjwa wengine wanaita, anaweza kuikosa. Na kama kipokezi kimewekwa kimeinama juu ya kifua, mstari wote unainama nacho.

Mu ekra hakuna mapafu. Hakuna tumbo. Kuko mstari tu. Mapafu na tumbo vinachorwa na akili ya anayeangalia. Njo maana ya kichwa cha habari yangu: sumaku inaona waya, mwili anauona infirmiye.

Kosa la mlio wa hewa na kosa la mstari ni kosa moja. Yule infirmiye wa baba mkubwa alisikia mlio wa kweli, hewa iliingia kweli mu mwili, lakini kifua na tumbo ni majirani, mlio unasafiri. Akili yake ikachora tumbo juu ya mlio. Sisi wahandisi tulimcheka, tukaja na ekra, na akili yetu ikachora tumbo juu ya mstari. Tofauti ni kwamba mlio ulikuwa mchafu, mtu anaweza kuutilia shaka. Mstari ni safi. Kitu safi kinatuzuia kuuliza.

Sasa ile makala ambayo imepostiwa hapa kuliko zote: kidonge cha iMAG. Ilitoka mu Nature Electronics mu 2023, kazi ya Saransh Sharma, Khalil Ramadi na wenzao, pamoja na Azita Emami wa Caltech na Giovanni Traverso wa MIT. Nataka kuisifu kwa moyo, juu wazo lake ni la akili. Mbele ya hapo wengi walijaribu kuweka sumaku mu kidonge na kuisikiliza kutoka nje. Tatizo: sumaku ndogo ya kidonge, ukienda mbali kama upana wa mkono, nguvu yake ni ndogo kuliko ile ya dunia yenyewe. Wao wakageuza: bobini kubwa ziko nje, zinafanya nguvu inayopungua kwa mpango kutoka pahali mpaka pahali, na kidonge ndani kinapima tu nguvu ya pale kilipo, kisha kinaituma nje bila waya. Kila pahali pana nguvu yake, kwa hiyo namba ya nguvu inakuwa anwani. Walijaribu kwa nguruwe, wakalinganisha na radio, wakapata usahihi wa kati ya milimetre 5 na 10.

Na walifanya jambo ambalo memwari yangu haikufanya: waliongeza kapteri ya pili nje ya mwili, ibaki kama alama ya kulinganisha, juu mgonjwa hawezi kukaa pahali pamoja mbele ya bobini kila siku. Vizuri kabisa.

Lakini tuulize: milimetre 5 mpaka 10 za nini? Za nafasi. Sasa utumbo mdogo wa mtu mkubwa una urefu wa karibu metre 6, umekunjwa wote mu tumbo lenye upana wa santimetre 30 hivi. Kunja kamba ya metre 6 mu sahani. Weka kidole pahali fulani juu ya kamba. Sogeza kidole santimetre moja pembeni, si kufuata kamba, pembeni tu. Uko wapi sasa? Unaweza kuwa metre nzima mbele ao nyuma kwa njia ya kamba. Na daktari anayetafuta pahali chakula kinakwama haulizi kidonge kiko santimetre ngapi kutoka kitovu. Anauliza kimefika wapi mu safari. Tena, ile kamba mu sahani imetulia. Utumbo unatembea, unajaa, unasukumwa na pumzi na kibofu. Anwani ya asubuhi si anwani ya jioni, hata kama nyumba ni ileile.

Mtu atasema nadai mambo mengi mno. Wao walitaka kufuata muda wa safari: lini kidonge kimetoka tumboni, lini kimeingia utumbo mkubwa. Kwa maswali makubwa ya namna hiyo, usahihi wao unatosha, na ni afadhali mgonjwa akae nyumbani kuliko apigwe radio kila saa. Nakubali. Kwa hiyo kosa langu si na kazi yao, ni na namna ilivyofika kwetu: «wanajua kidonge kiko wapi kwa milimetre». Ile «wapi» imemeza maswali mawili, na sisi wahitimu tuliosoma miaka mitano tukaimeza pamoja na maji.

Kuko jambo lingine mu habari za kidonge hiki. Walisema bobini zinaweza kuwekwa hata mu mufuko wa kubeba mgongoni ao nyuma ya choo. Niliposoma niliona mara moja yule mama infirmiye akiuliza kitanda iko wapi. Mtu amekaa kwenye kiti cha chuma. Amepanda moto. Amefunga mkaba wenye chuma. Swali lake linafuata teknolojia hii mpaka California, na halijazeeka.

Basi, tufanye nini? Kuko wenzetu wakisikia hii watasema: njo vile, mambo ya wazungu, sisi tubaki na stetoskopi. Hapana. Stetoskopi njo ilitaka kumzamisha baba mkubwa mu uji. Uingereza walishaonya hospitali zao kwamba ule mlio wa hewa si kipimo cha kuaminika. Wanachotumia kwanza ni kitu cha bei ndogo: unavuta maji kidogo kutoka sonda na seringi, unayaweka kwenye karatasi ya pH. Tumbo lina asidi. Ikiwa pH ni 5,5 ao chini, unaweza kuendelea. Ikiwa juu, ao hakuna maji yanayotoka, hauendelei, unapiga radio. Nayo ina mipaka yake: mgonjwa anayetumia dawa za kupunguza asidi atakudanganya, karatasi itasema hapana hata kama sonda iko tumboni. Lakini angalieni inakosea upande gani. Inapokosea vile, inakuambia simama. Mstari wa ekra unapokosea, unaweza kukuambia endelea.

Hiyo tofauti sikuisoma mu makala yoyote ya sumaku niliyoitaja mu memwari yangu. Zote zinaandika kosa kwa milimetre. Hakuna iliyoandika kosa kwa upande: mashini hii ikikosea, inamsukuma mtu wapi? Kama ningekuwa jury, njo swali la kwanza ningeuliza mimi mwenyewe, na distinction ile sijui kama ingebaki.

Karatasi ile haimalizi hamu yangu ya sumaku. Infirmiye anayesukuma sonda anahitaji msaada wakati anasukuma, na karatasi inasema tu baada ya kufika. Mstari na karatasi vinaweza kuishi pamoja: mstari unakuongoza njiani, asidi inashuhudia umefika. Ni kama moyo wa 1997, sumaku na umeme. Ninachokataa ni mashini inayouzwa, ao memwari inayotetewa, kana kwamba shahidi mmoja anatosha juu anaongea Kifaransa kizuri.

Kwa wadogo zetu walio sasa L1 na L2, mu elektronike, mu biomedikali, mu udaktari: mkisoma makala ya namna hii, msiishie kwa rezime. Shukeni mpaka pale wameeleza ginsi walivyopima. Tafuteni kitanda. Tafuteni kama kuko mtu alipumua. Tafuteni walilinganisha na nini, na kama kile walicholinganisha nacho kilikuwa kinajua mwili ao kinajua nafasi tu. Na mkiandika yenu, ile picha mbaya, ile iliyohama bila kapteri kusogea, iwekeni mu rezime. Jury wakiuliza mpaka jioni, waacheni waulize.

Mimi nimechelewa. Kitabu changu kiko mu biblioteke na namba ya meza ya mbao mbele. Lakini ile anekse nimeipiga picha, na nitaitumia kila mmoja anayeihitaji kwa TFC ao memwari yake, aanzie pale mimi niliposimamia. Baba mkubwa aliishi miaka miwili tena baada ya usiku ule, na siku nilipomweleza memwari yangu inahusu nini, aliniuliza kama ule mpira wa pua sasa unajua njia. Nilimjibu ndiyo.